Saa Moja kwa Wiki

Swali la 41 lilikuwa hivi: "Katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote ya malipo au ya faida kwa angalau saa moja?"

Nilimwuliza kijana mmoja tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ploti, ghorofa ya tatu, Huruma. Mimi nilikuwa na tableti mapajani, yeye na chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki. Alifikiria. Akasema wiki hiyo hakuna kitu kilikuwa kimejipa. Mjengo ulikuwa umesimama, mwenye nyumba hajamlipa fundi, na fundi hajamlipa mtu. Nikauliza tena, maana tulifunzwa kuuliza mara mbili: hata kitu kidogo? Akakumbuka. Jumanne maji yalipotea, akambebea jirani mitungi minne hadi ghorofa ya sita, akapewa mia. Ilichukua muda gani?

"Saa moja hivi, ama na kidogo. Stima pia ilikuwa imepotea na hizi ngazi ni giza."

Nikabonyeza Ndiyo. Tableti ikaruka kutoka swali la 41 hadi swali la 52. Maswali kumi ya katikati, yale ya kutafuta kazi, ya kukosa kazi, ya umetafuta kwa miezi mingapi, yakapotea kwenye skrini kwa sababu hayakumhusu tena. Alikuwa ameajiriwa.

Nilipomwambia alicheka hadi akamwaga chai. "Kwani niko job, buda? Si ungeniambia mapema nivae tai."

Alikuwa amepitia programu moja ya kuwaweka vijana katika huduma ya taifa. Sitaitaja, na kampuni iliyonituma na tableti sitaitaja pia. Nilitia saini karatasi, na kodi yangu ya nyumba bado inategemea kampuni kama hizo. Miezi kadhaa baadaye ripoti ilizinduliwa hotelini, kukawa na samosa na hotuba. Ukurasa wa tatu ulikuwa na grafu ya bluu inayoonyesha sehemu ya wahitimu "walio kazini." Idadi nzuri, tena yenye desimali. Ndani ya hiyo desimali yumo jamaa wangu wa Huruma na mitungi yake minne, na aliyemweka humo ni mimi.

Mgala muue na haki yake umpe. Saa moja haikutungwa na kampuni yetu. Ni kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, na wanatakwimu wana sababu yao: wanataka kunasa kila tone la kazi inayofanyika katika nchi, ili nchi hii iweze kulinganishwa na ile. Kwa shughuli hiyo kinafaa. Lakini ukikichukua kipimo hicho ukasimama nacho mbele ya mawaziri na wafadhili, ukasema tazameni programu yetu ilivyobadilisha maisha, unapima njaa kwa chombo cha kupimia mvua.

Hilo ndilo ninalotaka kugombana nalo. Sisemi huduma ya taifa ni mbaya. Sisemi ni nzuri. Nasema tumekaa miaka sitini tukitumia jasho la vijana na pesa za umma, halafu tunakubali kuambiwa matokeo kwa lugha ya sherehe.

Tuchukue NYS, maana ndiyo kila mtu anaijua. Ilianzishwa 1964, mwaka uliofuata Uhuru. Mkurugenzi wake wa kwanza, Geoffrey Griffin, alikuwa tayari ameanzisha Starehe mwaka 1959, kwa hivyo alikuwa mtu anayewajua vijana wasio na pa kwenda. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi kueleza: chukua vijana ambao uhuru umewakuta bila kazi, wape magwanda na nidhamu, wajenge nchi, kisha waondoke na ufundi mkononi. Mwaka 1984 hata waliokuwa wakisubiri kuingia chuo kikuu wakaanza kupelekwa, miezi mitatu ya kwata kabla ya mihadhara. Mpango huo wa wanafunzi ukafa, NYS ikabaki. Baada ya 2013 ikapanuliwa kwa kishindo. Makuruta waliongezeka mara kadhaa, na vijana wa Kibera na mitaa mingine wakaingizwa kuchimba mitaro, kujenga vyoo na kufungua barabara palepale wanapoishi. Sheria ya 2018 ikaigeuza kuwa shirika la serikali lenye bodi yake.

Katikati ya hayo, pesa. Mwaka 2015 tulijifunza kutamka "milioni 791." Mwaka 2018 magazeti yakataja kama bilioni 9, na watu wakapelekwa kortini. Angalia sasa jinsi tunavyojua mambo. Pesa zilizosemekana kuliwa tunazitaja hadi milioni ya mwisho. Zina wakaguzi, zina kamati za bunge, zina majalada na mawakili. Sasa mwulize yeyote anayezikariri: msichana aliyechimba mtaro Kibera 2015, leo yuko wapi? Analala wapi, analipa kodi na nini, anamsomesha nani? Hapo ndipo kila mtu anaanza kukohoa.

Siku ya paredi kule Gilgil tunaambiwa makuruta elfu ngapi wamehitimu, barabara kilomita ngapi, miche mingapi imepandwa. Hivyo vyote ni vitu ambavyo programu ilifanya. Vilichofanya ndani ya maisha ya kijana ni jambo lingine kabisa, na huwezi kulipata kwa kuhesabu buti zinazopita mbele ya jukwaa.

Panda matatu ya Thika Road, ukifika Ruaraka, pale makao makuu, utasikia kambi mbili. Kuna mzee atasema hiyo ni ATM ya wakubwa, funga mlango tuokoe ushuru. Na kuna mwingine, kwa kawaida mwenye gazeti, atasema watoto wa siku hizi wameharibika na simu, NYS ingefanywa lazima kwa wote wafunzwe nidhamu. Huyu wa pili amepata nguvu zaidi tangu Juni 2024, tulipojaa barabarani. Kila kijana akipaza sauti, kuna mtu mzima anakumbuka kwata. Wote wawili wanaongea kwa uhakika wa ajabu. Wote wawili wanabahatisha.

Nina binamu, mtoto wa shangazi yangu, aliyeenda Gilgil. Alirudi amenyooka kama mlingoti, akasomea mitambo, na leo anaendesha greda kwenye kazi za barabara huko Bonde la Ufa. Kila tukikutana nyumbani, mjomba mmoja humwonyesha kidole na kutuambia sisi wengine: "Mnaona NYS? Mnaona?" Mjomba mwenyewe alikuwa kwenye lile kundi la wanafunzi wa miaka ya themanini, na ana picha ya kuthibitisha, kofia imemkalia kando.

Shida yangu ni kwamba nililala kitanda kimoja na huyu binamu utotoni. Alikuwa anaamka saa kumi na moja kupeleka maziwa kabla ya shule, bila kengele. Akiwa darasa la sita alifungua redio ya shangazi, akaifunga, na ikaendelea kuimba. Siku ya usajili, uwanja ulikuwa umejaa na nafasi zilikuwa za kuhesabu, naye akamaliza mbio wa kwanza. Sasa niambie: ni NYS iliyomtengeneza, au NYS ilimkuta ameshatengenezwa ikamvalisha magwanda? Asingeenda, angekuwa wapi?

Hilo ndilo swali lote. Hakuna lingine. Si "binamu yako anaendeleaje," bali "binamu yako angekuwa anaendeleaje kama siku ile angerudishwa nyumbani." Huyo binamu wa pili hayupo, hatuwezi kumpigia simu. Kwa hivyo watu huruka swali. Wanachukua waliokimbia mbio zaidi, wenye afya, wenye vyeti, waliokuwa na nauli ya kufika uwanjani, wanawafundisha, kisha wanawalinganisha na waliobaki mtaani na kushangaa kwamba wako mbele. Walikuwa mbele tangu asubuhi ile.

Na sasa kuna jambo limeifanya hesabu kuwa chafu zaidi. Serikali imetangaza kwamba asilimia 80 ya wanaosajiliwa vikosi vya usalama watoke NYS. Wadogo zangu wote sasa wanaitaka NYS, na siwalaumu. Lakini ukitenga kazi kwa waliopitia mlango fulani, halafu ukasema mlango huo unaleta kazi, umepima nini? Kuruta wa polisi ni wale wale kwa idadi. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele ya foleni. Aliyesukumwa nyuma ni kijana wa nchi hii pia, na katika ripoti nzuri yeye ni gharama, aandikwe. Ripoti ya aina ninazozijua itamhesabu aliyepata na kumsahau aliyepokonywa, na grafu ya bluu itapanda hadi ipasue karatasi.

Njia ya kujua ipo, na wala si siri. Tarehe 1 Desemba 1969, Wamarekani walikaa mbele ya televisheni wakatazama tarehe za kuzaliwa zikichotwa kutoka kwenye chombo cha kioo. Tarehe yako ikitoka mapema, Vietnam inakuita. Ilikuwa bahati nasibu ya kikatili, lakini iliacha nyuma kitu ambacho hotuba haiwezi kuacha: makundi mawili ya vijana wanaofanana kwa kila hali, tofauti ikiwa ni namba tu. Mwaka 1990 mwanauchumi Joshua Angrist akatumia namba hizo. Akakuta kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka mingi baada ya vita, wanaume weupe waliohudumu walikuwa wakipata kama asilimia 15 pungufu kuliko wenzao ambao hawakuhudumu. Serikali iliyokuwa ikiwaita mashujaa ilikuwa imewaachia pengo mfukoni, na pengo hilo lisingeonekana kwa kuwauliza kama wanajivunia nchi yao.

Argentina nao waliwaita vijana jeshini kwa kura, kwa kutumia tarakimu tatu za mwisho za kitambulisho. Sebastián Galiani na wenzake wawili walifuatilia kura hizo, na mwaka 2011 wakachapisha jibu ambalo ningependa lisomwe kwa sauti kwa yule mzee mwenye gazeti: walioitwa jeshini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuingia kwenye rekodi za uhalifu baadaye. Nidhamu ile ile ambayo wazazi waliitegemea inyooshe watoto. Najua, Gilgil si kambi ya jeshi la Argentina, na kuruta wa NYS anaondoka na ufundi, si bunduki. Kwa hivyo siwezi kuchukua jibu lao nikalibandika hapa. Ninachosema ni kwamba wao wana jibu. Wewe una gazeti na picha ya mjomba wangu.

Nisiwe mwongo kwa kuchagua mabaya tu. Nigeria walianzisha NYSC mwaka 1973, vidonda vya Biafra vikiwa havijapona, na hadi leo mhitimu wa chuo hutumwa mwaka mzima kwenye jimbo ambalo mara nyingi si lake. Mtafiti Oyebola Okunogbe aliwalinganisha waliopelekwa maeneo ya makabila mengine na waliobaki kwenye maeneo ya kabila lao. Waliopelekwa mbali waliipenda nchi zaidi na kuwajua wengine zaidi. Hapo mjomba angepiga makofi, maana yeye husema kila Krismasi kwamba Gilgil ndiko alikojifunza kulala bega kwa bega na Mjaluo na Msomali. Lakini ngoja. Waliopelekwa mbali walikuja pia na fahari zaidi ya kabila lao wenyewe. Yote mawili kwa pamoja. Wewe ungekisia hivyo? Mimi nisingekisia. Mjomba angeweza kusimulia miaka arobaini bila kufika hapo, kwa sababu simulizi lake halina mtu wa kulinganishwa naye.

Na usiniambie hayo ni ya nchi za watu. Mradi wa kuwawezesha vijana uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulitoa mafunzo na nafasi za kujifunzia kazi Nairobi, Mombasa na Kisumu, na waombaji wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingia, wengine wakawa kundi la kulinganisha. Ripoti ilitoka 2015. Vijana wa hapa hapa, wenye simu za hapa hapa. Kwa hivyo inawezekana. Ni uamuzi tu.

Pendekezo langu ni la kijinga kwa urahisi wake. Siku ya usajili, kila aliyetimiza masharti aandikwe, aliyemaliza mbio wa kwanza na wa mia mbili. Kisha majina yachotwe kwenye ndoo, uwanjani, mchana kweupe, mbele ya chifu, mapasta, maimamu na akina mama wa soko. Waliotoka waende. Wasiotoka wapewe mia tano ya nauli na shukrani, waombwe namba zao, na wafuatwe kwa miaka mitano sawasawa na wenzao. Kwa ndoo moja umefanya kazi mbili. Umepata yule binamu wa pili asiyekuwepo. Na yule ndugu anayesemekana kila mwaka kuwa na "nafasi mbili za kuuza" hana tena cha kuuza.

Rafiki yangu mmoja, msomi kweli, alinikemea nilipomwambia haya. Mnataka kuwafanya vijana panya wa maabara, akasema. Mnawapigia kura maisha yao. Nilimjibu, na namjibu tena hapa: vijana tayari wanarudishwa nyumbani kwa maelfu. Tayari kuna bahati nasibu, ila tiketi zake ni kumjua mtu. Panya wa maabara angalau huandikwa daftarini kilichompata.

Lakini hata ndoo haitasaidia tusipobadilisha namna ya kumfuata mtu, na hapa nazungumza kama fundi. Kumtafuta kijana wa Nairobi baada ya miaka mitatu ni kazi ya upelelezi. Unachukua namba yake, ya mamake, ya rafiki, ya kinyozi wake, na maelezo kama "geti la bluu, ulizia kwa mama wa chapati." Watu huhama usiku kwa sababu ya kodi. Watu hutupa laini kwa sababu ya madeni ya Fuliza na zile programu za mikopo. Tulikuwa tunalipwa kwa kila hojaji iliyokamilika, kwa hivyo aliyekuwa mgumu kupatikana tuliachana naye haraka. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi niliachana na wengi.

Mmoja simsahau. Nilipiga namba iliyoandikwa "mama," Kariobangi. Nikajitambulisha, nikamwulizia mwanawe kwa jina.

"Huyo hayuko," akasema.

Nikauliza anarudi saa ngapi. Kimya kidogo.

"Hayuko, mwanangu. Tulimzika Aprili."

Nikasema pole, mama, nikasema nilichoweza. Aliniuliza nilikuwa nataka kumwuliza nini. Nikamwambia ni mambo ya ile programu aliyokuwa amepitia, kujua kama ilimsaidia. Akaniambia: "Basi niulize mimi." Sikuwa na ruhusa ya kumwuliza. Mhojiwa alikuwa mwanawe. Kwenye skrini nilikuwa na majibu manne ya kuchagua: Amekubali, Amekataa, Amehama, Hakupatikana. Nikampigia msimamizi wangu, akaniambia weka hakupatikana, tusonge.

Kwenye uchambuzi, "Hakupatikana" huondolewa. Asilimia inahesabiwa kwa waliobaki. Asiyekuwepo na lake halipo. Fikiria ni nani wengine wako kwenye kapu hilo: walio rumande, waliorudi ocha kwa aibu, wasichana walioenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Na ndiyo, wapo pia walioomoka wakahamia kwingine na hawana muda wa simu za watu kama mimi. Hatujui kapu limeinamia upande gani. Lakini grafu huchorwa kana kwamba halipo.

Kuna jambo nililijifunza taratibu. Nikishabonyeza "Maliza," nikaifunga tableti na kuiweka kwenye mkoba, ndipo watu huanza kuongea. Hapo ndipo wanaleta chai ya pili. Nilinunua daftari la shilingi thelathini nikawa naandika humo nikiwa kwenye matatu, na leo nadhani daftari hilo lina thamani kuliko faili yote niliyoituma kwa seva.

Msichana mmoja Mathare alikuwa amefanya Kazi Mtaani wakati wa korona, ile awamu ya shilingi 455 kwa siku. Hojaji yangu ilitaka kujua kipato chake cha sasa, na kilikuwa sifuri, kwa hivyo kwenye karatasi programu haikumwachia kitu. Alichoniambia baada ya "Maliza" ni kwamba zile pesa alilipa deni la dukani, lote, la miezi mingi. "Sasa naeza tuma mtoto dukani bila ganji, na arudi na unga." Miaka miwili baadaye bado alikuwa anakopeshwa. Ni swali gani kwenye tableti yangu lingenasa hilo?

Jamaa mwingine aliniambia alijua amekuwa mtu siku alipoulizwa mchango wa mazishi. Zamani daftari la michango lilipita mlangoni kwake kama upepo. Baada ya kurudi kutoka kwenye huduma na kupata kibarua cha kudumu kidogo, wazee wa ploti wakagonga. Alitoa mia mbili. Ananisimulia hiyo mia mbili kwa mapozi kuliko mtu anayesimulia mshahara. Wa tatu aliniambia hakimbii tena akiona Land Cruiser ya polisi, anasimama, anatoa kitambulisho, anaongea kwa sauti ya kawaida. Na wa nne, huyu alinichoma, alisema bado anaamka saa kumi na nusu alfajiri, anatandika kitanda kwa kona zile walizofunzwa, anapiga viatu rangi, halafu anakaa kitandani hadi jua litoke. "Walinifunza kuamka, buda. Sasa naamka niende wapi?"

Kukopeshwa dukani. Kuulizwa mchango. Kusimama mbele ya askari bila kutetemeka. Kuwa na mahali pa kwenda ukishaamka. Ningepewa kalamu leo ningeanzia hapo, na ningewapa waliohudumu wenyewe waandike maswali mengine yaliyobaki, kwa sababu wanajua wapi maisha yalisogea na wapi yalikwama. Pesa ziulizwe pia, sikatai. Lakini tuulize mtu alipata ngapi kwa mwezi mzima na zilikuja mara ngapi, si kama alifanya saa moja. Na ziulizwe mwaka wa pili na wa tano. Kwenda kwa mtu miezi sita baada ya kuhitimu, posho ya mwisho ikiwa bado inanukia mfukoni na vifaa vya kazi havijauzwa, ni kama kumwuliza bwana harusi kwenye fungate kama ndoa ni nzuri.

Na matokeo yawekwe wazi. Si hotelini. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya watu wa nchi hii wako chini ya miaka 35. Hiyo ndiyo hadhira. Mtu wa kidato cha nne anayefikiria kujisajili anafaa aweze kufungua simu aone: kati ya waliochotwa kwenye ndoo na waliokosa, hali zao miaka mitano baadaye ni hizi. Ikiwa tofauti ni kubwa, nitakuwa wa kwanza kumsukuma mdogo wangu uwanjani. Ikiwa hakuna, basi arudishiwe miaka yake, na wenye kuomba bajeti waombe wakiwa wameshika karatasi hiyo mkononi. Na kabla ya kuonyeshwa karatasi hiyo, asije mtu kuniambia NYS ifanywe lazima.

Yule jamaa wa Huruma bado nina namba yake. Mwezi uliopita nilimpigia. Utafiti uliisha zamani, hakuna aliyenituma. Kitu cha kwanza aliuliza kama kuna kredo, maana zamani tulikuwa tunawatumia ya mia baada ya mahojiano. Nikamwambia hakuna, nimekusalimia tu. Tukaongea dakika kumi na saba. Mjengo ulirudi ukaisha, akapata mtoto, akauza ile boksi ya vifaa vyake ili alipe hospitali, sasa anatafuta nyingine ya bei nafuu Gikomba. Nilikuwa naandika kwenye daftari na nadhani alisikia kalamu.

"Unaniandika tena?"

Nikakubali.

"Sawa. Lakini usiniweke job, tafadhali. Wiki hii hata maji hayakupotea."